Machipukizi Yasiyogemwa

Mume wake ndiye aliyekijenga kile kilabu kwa mikono yake, tofali juu ya tofali, lakini upande wote ule wa barabara ya Tosamaganga hakuna aliyewahi kumwita yule mzee "mwenye kilabu". Jina hilo lilikuwa la mkewe. Hata mume mwenyewe alilitumia. Ukimwuliza kama ulanzi upo, alisema, "Ngoja nimwulize mwenye kilabu," kisha anaingia ndani akiwa amevua kofia, kama mteja mwingine yeyote.

Nilimfahamu mama huyo miaka ile ya sabini nilipokuwa Bwana Ushirika, kijana niliyetoka chuo kikuu na kaunda suti mbili na maswali mengi kuliko vijiji nilivyopangiwa. Kwetu ni Ilomba, Mbeya; Iringa nililetwa na barua ya serikali. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini kuwashauri watu namna ya kuendesha miradi ya pamoja: maduka, mashine za kusaga, vilabu vya pombe. Nilikuwa na tabia, ambayo sijaiacha, ya kutoamini jambo mpaka nimeligeuza chini juu. Watu wengi walinichoka. Yeye hakunichoka, ila hakunijibu zaidi ya alivyotaka.

Kwa asiyejua, ulanzi, pombe ya mianzi, hauchemshwi wala hautwangwi. Mvua zikishika, mianzi hutoa machipukizi. Mgema hukata ncha ya chipukizi, hufunga hapo kikopo cha mwanzi kiitwacho mbeta, na utomvu hudondoka humo. Asubuhi anakata ncha kidogo, jioni tena kidogo. Ukiunywa mapema ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anapewa. Ukiulaza unakuwa mkangafu, na huo ndio unaomfanya mwanakwaya asahau ubeti. Lakini chipukizi likishagemwa halikui tena. Halitakuwa mwanzi. Linatoa utomvu wiki kadhaa, linanyauka, basi.

Ugomvi wetu wote ulianzia hapo.

Kila msimu, kabla ya kisu cha mgema yeyote kuingia shambani, yeye alitangulia. Alikwenda pekupeku, kamba za mgomba zimening'inia kiunoni, akipita kichaka kwa kichaka. Katika kila kichaka alichagua machipukizi machache, akayafunga kamba. Yaliyofungwa hayaguswi. Mgema akiligusa moja tu, hapewi mbeta tena mpaka kiama. Na si hayo tu. Shamba lake alikuwa ameligawa sehemu tatu, na kila mwaka sehemu moja haikugemwa kabisa. "Upande ule umelala," alisema, na wagema walipita kando yake wakiangalia machipukizi manono kama watu waliofunga wanavyoangalia jikoni.

Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilisimama nyuma yake na daftari langu.

"Mama, mbona unafunga yale mazuri?"

"Kwani kwenu mbegu ya mahindi mnachagua gunzi lililooza?"

"Ni mila? Wazee walikataza?"

"Wazee walikuwa wanagema mpaka ua wa choo."

"Basi ni nini?"

Akakaza fundo kwa meno kabla ya kujibu. "Ni tumbo langu. Mwanzi mkubwa ndio unaolisha mizizi. Mizizi ikila, mwakani inazaa. Mama ukimnyang'anya watoto wote, uzeeni nani atamlisha?"

Nilimwambia hayo ni maneno mazuri lakini si ushahidi. Nilimwuliza nani alimfundisha.

"Mwaka mbaya," akasema, na hapo akafunga mdomo. Nilijaribu mara nyingi baadaye kumfanya aueleze huo mwaka mbaya. Sikufanikiwa hata mara moja, na mumewe nikimwuliza aliangalia mlima.

Nisimpambe. Hakuwa mtu mpole wala hakuwa na hekima ya kugawa bure. Ulimi wake ulikuwa wembe. Kwangu alianza na kabila: "Ninyi Wanyakyusa ndizi zinawaotea mpaka mlangoni, ndiyo maana hamjui kusubiri." Nikamjibu kwa ule utani wa kula mbwa ambao kila Mhehe kama yeye ameshauchoka, naye akanimiminia kopo jingine bila kutabasamu. Padri alipomhimiza aache biashara ya pombe na ashike ushonaji, alimwitikia kwa heshima zote, magoti yamekunjwa: "Nimesikia, Baba. Lakini na wewe kila asubuhi unaanza na divai." Habari hiyo ilifika mjini Iringa kabla ya padri kurudi misheni.

Yeye mwenyewe hakunywa. Alionja tu, akitema, kila mbeta iliyoingia. Iliyochachuka vibaya aliimwaga mlangoni mbele ya aliyeileta. Mbeta zake zilioshwa kwa maji ya moto na mchanga, zikaanikwa juu ya uchanja, midomo chini. Na hakuwahi kumsifu mgema, hata kwa bahati mbaya. Mgema akileta ulanzi safi kabisa alisema, "Leo hukuharibu." Wagema walikwenda nyumbani na neno hilo wakiwahadithia wake zao.

Jambo lililonikera zaidi ni kwamba huruma yake kwa miti iliishia kwenye ua wa mianzi yake. Maji yale ya moto ya kuoshea mbeta yalichemshwa kwa kuni, na kuni alinunua kwa mtu yeyote aliyezileta, zimekatwa popote. Nilimwona akipokea mzigo wa kuni mbichi uliotoka kwenye chemchemi ambayo kijiji kizima kilikunywa maji yake. Nikadhani nimemshika.

"Mama, unalinda mianzi, halafu unachoma msitu?"

"Mimi silindi chochote. Mimi ninauza ulanzi."

"Chemchemi ikikauka utaoshea nini mbeta?"

Akamlipa mleta kuni. Lakini msimu uliofuata nilikuta anachemshia maji kwa mianzi mikavu na magunzi, na yule mleta kuni amenuna. Nilipotaja jambo hilo alisema magunzi yanawaka vizuri zaidi. Mpaka leo sijui kama nilimshinda au magunzi yaliwaka tu vizuri.

Na alikuwa mchoyo wa maarifa. Majirani walimwuliza kwa nini vichaka vyake vinazaa kuliko vyao. Aliwaambia ni udongo. Aliwaambia ni samadi. Mmoja, bibi wa jirani, aliambiwa ni baraka za marehemu mama mkwe wake, na yule bibi akaenda kusafisha kaburi. Mimi tu ndiye niliyeambiwa ukweli, kwa sababu mimi sikuwa na mwanzi hata mmoja.

Basi ulikuja mwaka wa watu kuhamia vijijini. Familia zilizokuwa zimetawanyika mabondeni zililetwa barabarani, zikapimiwa viwanja, zikaambiwa zijenge. Kila mtu akahitaji mianzi iliyokomaa: ya paa, ya kuta, ya uchanja, ya kufuma matenga. Katika bonde lile kila mtu alikuwa amegema chipukizi lake, hana mwanzi. Yeye alikuwa nayo, mirefu, mizito, ya miaka mitatu na minne, ile aliyoifunga kamba. Watu walipanga mstari mlangoni mwake tangu alfajiri, wengine wakiwa wale wale waliomcheka kwa kuacha pombe ioze mtini.

Mtu mwenye akili angeliona hapo. Mimi nilikuwa na digrii.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji kipya chenye vichaka vya mianzi vingi kuliko vyake, nacho kilitaka kufungua kilabu cha kijiji. Mwenyekiti wao, mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani, aliniomba ushauri wa maandishi, kama waache machipukizi mengine au wageme yote. Nilikwenda, nikahesabu vichaka, nikahesabu machipukizi, nikazidisha. Nikaandika barua, nakala kwa wilaya, nikisema kwamba desturi ya kuacha machipukizi bila kugemwa haina msingi unaojulikana, na kwamba kijiji kikigema yote kitapata karibu mara mbili. Sikutaja jina la mtu. Lakini bonde zima kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye desturi hiyo. Niliamini nilichoandika? Niliamini hesabu. Na nadhani nilitaka kuona nani kati yetu ni mjinga.

Msimu ule ng'ambo walifurika. Mbeta zilining'inia kila mahali, na mabasi yalisimama pale badala ya kwake. Kopo lao lilikuwa kubwa na ulanzi hauishi. Wagema wake, waliokuwa kumi na mmoja, walianza kuvuka mto mmoja mmoja, kwa kuwa ng'ambo mgema aliruhusiwa kugema chochote anachokiona. Walibaki watatu. Mabenchi ya kilabu yakawa meupe kwa kukosa makalio.

Kisha kamati ya kijiji chake ikamwita. Walimwambia kwa upole kwamba kijiji kinahitaji ghala la mbolea, na jengo zuri ni lile lake. Msimu ukiisha bila wateja kurudi, jengo litachukuliwa, na yeye atapangiwa shamba la pamoja kama wenzake. Alikuwa na kilabu kile maisha yake yote ya ndoa. Hakuwa na kitu kingine.

Dawa ilikuwa rahisi, na mumewe aliisema mbele yangu, jioni tukiwa watatu tu kwenye chumba cha watu arobaini.

"Fungua kamba hata nusu. Mwaka mmoja tu."

"Na mwakani?"

"Mwakani tutakuwa na kilabu."

"Tutakuwa na kilabu, na ndani tutauza nini? Mabenchi?"

"Mwenye kilabu, mimi nimezeeka. Siwezi kujenga kingine."

Alichukua kopo la mumewe, akalijaza, akalirudisha mbele yake, na ile ilikuwa mara pekee niliyoona akimpa mtu ulanzi bila kuombwa wala kulipwa. Barua yangu ilikuwa imekwisha fanya kazi yake ng'ambo, na sikuwa na ujasiri wa kusema ni yangu.

Siku mbili tatu baadaye nilipita shambani mchana nikamkuta peke yake, kisu mkononi, mbele ya kichaka kikubwa. Hakuniona. Alikata kamba ya chipukizi moja. Alilishika lile chipukizi kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto anayetaka kuvuka barabara. Akasimama hivyo. Halafu akaokota ile kamba, akaiunga kwa fundo baya, akalifunga tena. Alipogeuka na kuniona, hakushtuka.

"Usimwambie mzee," alisema.

"Kwamba umekata?"

"Kwamba nimefunga."

Kilichomwokoa msimu ule si ulanzi. Aliwaita wale wagema watatu akawaahidi kitu ambacho hakuna kilabu kilichowahi kuahidi: kila mmoja angekuwa na vichaka vyake mwenyewe, vile vile kila mwaka, hanyang'anywi. "Ukikiua, umejiua," aliwaambia. "Ukikitunza, hata mimi nikifa hakuna wa kukuondoa." Hao hawakuvuka mto. Walianza hata kugombana nani amefunga machipukizi mengi zaidi. Kisha akapeleka mianzi iliyokomaa, mizigo na mizigo, kuezekea ofisi ya kijiji iliyokuwa haina paa. Hakuombwa. Kamati ilipokutana kuamua habari ya ghala, mvua ilikuwa inanyesha na wajumbe wote walikuwa wakavu. Mwenyekiti wa kamati aliangalia juu, akaangalia chini, akasema jambo hilo liahirishwe mpaka msimu ujao.

Nilimwambia hiyo ni rushwa.

"Rushwa inaliwa," alisema. "Paa linakaa."

Msimu uliofuata nilikwenda ng'ambo nikiwa na daftari lile lile. Vichaka vilikuwa vimetoa machipukizi membamba kama vidole vya mtoto, machache, mengine yamejikunja yakiwa bado chini. Wagema walikata ncha, zikatoa matone, zikakauka. Niliuliza kama ni mvua. Mvua ilikuwa nzuri. Niliuliza kama ni wadudu. Nilipasua chipukizi, sikuona mdudu. Katikati ya masika kilabu cha kijiji kikafungwa kwa kufuli, na kutoka kilabuni kwake, upande ule wa mto, nilisikia watu wanaimba. Wagema wake wanane walikuwa wamerudi. Hakuwatukana, jambo lililowatisha zaidi. Aliwapa vichaka vya pembeni, vile vibaya, akawaambia waanze kufunga kamba. Habari ya ghala haikuzungumzwa tena.

Nikahamishwa kurudi Mbeya kabla sijapata njia ya kumwambia habari ya barua. Ndivyo nilivyojieleza, lakini njia ilikuwepo kila siku. Nilikuwa nakunywa kwake.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho nilipopita tena, nikitoka Mbeya kwenda mkutanoni Iringa. Ulikuwa mwanzo wa mvua. Nilikuwa na nusu siku, nikapanda gari la misheni nikashuka pale. Kilabu kilikuwa na chumba cha pili. Mzee alikuwa amekaa nje akiota jua, akanielekeza shambani kwa kidevu.

Nilimkuta amezungukwa na wanaume saba wenye majembe. Alikuwa amepungua mwili, mkono mmoja ukitetemeka kidogo, lakini sauti ni ile. Mmoja wa wanaume hao alikuwa yule mwenyekiti wa ng'ambo.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umenenepa. Mbeya kuna chakula au ni cheo?"

Nilimwuliza nini kinaendelea. Mwenyekiti ndiye aliyejibu. Vichaka vyao vingi vilikuwa vimekufa, na walikuwa wamekuja kuomba miche. Mwanzi ule haupandwi kwa mbegu. Unachimba shina pamoja na mizizi yake, unahamisha. Yeye amekubali, kwa masharti. Wasigeme kwa mvua tatu. Wakianza kugema, wafunge machipukizi kama yeye. Na kwa miaka hiyo mitatu atawapelekea ulanzi wake, wauze kwenye kilabu chao kilichofungwa.

Sikuweza kujizuia. Nilimvuta kando.

"Mama, hawa walikuwa karibu kukumaliza. Ukiwafufua watakuwa washindani wako tena."

"Ehe."

"Sasa faida yako iko wapi?"

"Wewe bado unauliza." Alifuta mkono kwenye kitenge. "Kilabu chao kilipofungwa, unadhani wanywaji wote walikuja kwangu? Wachache. Wengine wamehamia pombe ya komoni. Vijana wanakunywa bia wakiipata. Mtu akikaa miaka miwili bila ulanzi, ulimi unasahau. Mimi siwezi kuwanywesha bonde zima peke yangu. Bonde likiacha kunywa ulanzi, mianzi yangu ni kuni tu."

"Kwa hiyo ni biashara."

"Siku zote ni biashara. Ni wewe uliyekuwa unatafuta kitu kingine."

Wanaume walikuwa wametulia wakitusubiri. Nikaona kwamba nikiondoka leo bila kusema, sitasema tena.

"Mama, ile barua waliyofuata ng'ambo. Niliiandika mimi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile. Karani wao aliileta kilabuni kwangu, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa na saini nzuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza maswali."

Mwenyekiti alikuwa amesikia. Alikohoa, akasema kwa ile sauti yake ya kanisani, safari hii chini chini, "Bwana Ushirika, uliandika wewe. Visu tulishika sisi. Tuache hapo."

Mwenye kilabu hakuwa na haja na maungamo ya mtu yeyote. Alinitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vya raizoni, vya soli nene, vipya, kwa ajili ya mkutano.

"Vua hivyo," alisema. "Chimba pale. Usikate mzizi mkubwa, zunguka."

Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikachimba. Udongo ulikuwa umelowa nusu. Mizizi ya mwanzi imefumana kama mkeka, na kila nilipokosea alinigonga bega kwa kijiti. Shina la kwanza lilitoka limepasuka, akalitupa. La pili akalishika, akaligeuza, akaliweka upande wa mazuri. "Hili hukuliharibu," alisema.

Karibu na saa sita nilimwuliza atajuaje kama ng'ambo watatimiza ahadi yao.

"Sitajua. Ndiyo maana nimewapa miche ya pembeni, siyo ya katikati."

Tulifunga mashina mawili mawili kwa kamba za mgomba tayari kuvuka nayo mto. Mmoja wa wale wanaume, kijana mwenye mabega mapana, alikuwa amekaa kwenye mpini wa jembe lake, uso umekunjamana.

"Mama, miaka mitatu bila kugema ni mingi."

"Ni mingi kweli," alisema. "Na itapita tu, hata usipopanda."

Yule kijana akafikiri. Kisha akasimama, akainama, akajitwika mashina mawili yaliyokuwa mazito kuliko yote, akatangulia kushuka mtoni.